Ramani iliyochorwa kwa miguu: kusoma ramani za kale za Vita vya 1914–1918 Afrika Mashariki

Tandaza mezani karatasi moja ya ile ramani kubwa ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, yenye skeli ya 1:300,000, iliyochapwa Berlin na nyumba ya Dietrich Reimer kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kitakachokuvutia kwanza ni wingi wa majina: vijiji, visima, vilima, vivuko, makambi. Jambo la pili huchelewa kuonekana. Majina hayo hayakutawanyika ovyo, yametungwa kwenye nyuzi kama shanga, uzi mmoja kutoka Kilosa kwenda Iringa, mwingine kutoka Kilwa kwenda Liwale. Kati ya uzi na uzi hakuna kitu, ni karatasi nyeupe.

Anayetaka kuelewa vita vya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na Smuts, jemadari wa Waingereza, aanzie kwenye weupe huo. Ramani ile haikupima nchi, ilipima njia. Majemadari wa pande zote mbili walipanga vita vyao juu ya njia hizo na wakaja kugundua, mara nyingi kwa gharama ya maisha ya watu, kilichokuwa kwenye weupe.

Ilitengenezwaje

Ofisa wa Kijerumani aliyesafiri bara alibeba dira, saa na daftari. Msafara ukienda, alisoma mwelekeo kwa dira, akaandika saa ya kuondoka na saa ya kufika kila kijito na kila kijiji, kisha akageuza muda kuwa umbali kwa kukadiria mwendo. Msafara wa wapagazi huenda kilomita 4 kwa saa, zaidi kidogo asubuhi na pungufu baada ya jua kuwa kali. Daftari lilipelekwa Berlin, ambako wachoraji Paul Sprigade na Max Moisel na wenzao waliunganisha madaftari mengi kuwa karatasi moja.

Makosa ya njia hii yanapigika hesabu. Dira ikikosea nyuzi 5 katika mwendo wa kilomita 20, mwisho wa safari unakaa kando kwa karibu kilomita 1.7. Ukikosea mwendo kwa asilimia 10, unaongeza au kupunguza kilomita 2 kwa siku. Ili kusahihisha, wapimaji walitazama nyota, na hapo ndipo penye siri ambayo wasomaji wengi wa ramani za kale hawaijui: latitudo ilipatikana vizuri, longitudo ilipatikana vibaya. Latitudo huhitaji urefu wa nyota tu. Longitudo huhitaji saa isiyokosea, kwa maana dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4, hivyo saa ikikosea sekunde 4 tu, mahali panahama kiasi cha kilomita 1.85 karibu na ikweta. Saa iliyotikiswa juu ya kichwa cha mpagazi kwa miezi mitatu hukosea zaidi ya hapo. Kwa hiyo kijiji cha bara kisipokaa mahali pake kwenye ramani ya zamani, shuku kwanza kwamba kimesogea mashariki au magharibi, si kaskazini au kusini.

Vimo navyo vina kasoro zake. Vingi vilipimwa kwa kuchemsha maji, kwa sababu kiwango cha mchemko hushuka kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi kila unapopanda mita 300. Ukisoma kipimajoto vibaya kwa sehemu moja ya kumi ya nyuzi, umekosea mita 30. Mistari ya vilima unayoiona mbali na njia si kontua za kipimo bali ni umbo lililokadiriwa kwa jicho. Zipo sehemu zilizopimwa kwa uangalifu zaidi, kama Usambara penye mashamba ya walowezi na kando ya mipaka iliyopimwa na tume za Waingereza na Wajerumani, na tofauti huiona kwa macho: pale mistari ya milima imebanana na kuzunguka kila bonde, kwingine kilima ni alama ya kiwavi tu.

Majina: hapa msomaji wa Kiswahili ana nafuu

Mtafiti wa Ulaya hupoteza siku nzima mahali ambapo mtu wa Korogwe hupita kwa dakika moja. Ramani imeandika majina yetu kwa masikio ya Kijerumani, na ukijua kanuni zake unayarudisha nyumbani. Sch ni sh, kama Aruscha inavyoonyesha. Dsch ni j, kama Kilimandscharo. Tsch ni ch, kwa hiyo Tschole ni Chole. J ya Kijerumani husomwa y, kama katika Jassin, palipopiganiwa tarehe 18 na 19 Januari 1915. Ss ni s kavu, kama Ssongea, na s moja mara nyingi ni z, ndiyo maana Sansibar ni Zanzibar na Muansa ni Mwanza. W inaweza kuwa w au v, na hapo utalazimika kuamua kwa kulijua neno.

Kundi lingine ni majina yaliyobandikwa na kuja kubanduliwa baadaye. Wilhelmstal ni Lushoto, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Sphinxhafen ni Liuli na Wiedhafen ni Manda. Uangalie sana maneno Alt na Neu, yaani ya kale na mpya. Alt-Moschi iko juu mlimani, Neu-Moschi ni kule chini reli ilikoishia; ukichanganya hizo mbili unahamisha kambi nzima ya jeshi kwenda mgombani.

Kisha kuna majina ambayo si majina. Mbuyuni ya kati ya Voi na Taveta, iliyokaliwa na jeshi la Waingereza Januari 1916, ni Mbuyuni moja kati ya nyingi, kwa sababu kila msafara uliopumzika chini ya mbuyu uliacha Mbuyuni nyuma yake. Makuyuni hali kadhalika. Jina lenye Kwa, kama Kwa Mtoro, limetokana na mtu, na kijiji chenye jina la jumbe kiliweza kuhama jumbe alipohama au kufutika alipokufa. Neno Pori, ambalo wachoraji wa Berlin walilichukua kwetu bila kulitafsiri, si kijiji, ni pori. Maneno mengine yenye faida kwa anayefuatilia jeshi ni haya: Furt ni kivuko cha kupita kwa miguu, Fähre ni kivuko cha mtumbwi au pantoni, Sumpf ni kinamasi, Wasserstelle ni mahali penye maji, Lager ni kambi, verlassen ni mahame. Kwenye nchi kavu neno Wasserstelle lina uzito kuliko jina la mji wowote.

Mito inastahili tahadhari ya peke yake. Ruvu ziko mbili. Moja ni sehemu ya juu ya mto Pangani, chini ya Kilimanjaro, ambayo Wajerumani waliivuka usiku baada ya mapigano ya Kahe ya tarehe 21 Machi 1916. Nyingine ni ile inayoingia baharini karibu na Bagamoyo, iliyoitwa pia Kingani. Ukisoma taarifa inayosema tu kwamba kikosi kilifika Ruvu, tazama kwanza mwezi na jina la kamanda kabla hujaweka alama yoyote.

Kuipachika ramani ya kale juu ya nchi ya leo

Kazi hii hufanywa kwa programu huria ya QGIS, katika sehemu yake iitwayo Georeferencer. Skani karatasi kwa nukta 400 kwa inchi na uihifadhi bila kuibana. Kwa kiwango hicho pikseli moja ya ramani ya 1:300,000 ni kama mita 19 ardhini. Hakuna faida kupanda zaidi, kwa kuwa wino wa mstari wenyewe, ukiwa na unene wa nusu milimita, umekula mita 150.

Soma pembezoni mwa karatasi kabla ya kubofya chochote. Hapo kuna mambo mawili. La kwanza ni tarehe, ambazo ni tatu na mara chache hulingana: mwaka wa upimaji, mwaka wa kuchorwa na mwaka wa kuchapwa. Karatasi iliyochapwa wakati wa vita inaweza kuwa na njia zilizopimwa miaka ishirini nyuma. La pili ni meridiani ya kuanzia, yaani mstari ambao longitudo huhesabiwa kutoka kwake. Nyingi hutumia Greenwich, lakini za Kifaransa za zama hizo zilianzia Paris, ambayo iko nyuzi 2, dakika 20 na sekunde 14 mashariki ya Greenwich, na nyingine za Ulaya zilianzia Ferro, nyuzi 17 na dakika 40 magharibi. Ukisahau hili, jeshi lako litapigana ndani ya Bahari ya Hindi.

Sasa weka pointi, kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza tumia makutano ya mistari ya latitudo na longitudo iliyochapwa kwenye karatasi. Hiyo huondoa mikunjo na kunywea kwa karatasi, na hukuonyesha ramani jinsi mchoraji alivyoamini dunia ilivyo. Usiisahihishe bado. Pima kwanza vituo vya reli, rasi za pwani na misheni za zamani vimekosea kiasi gani na vimeelekea upande gani. Kosa hilo ni ushahidi, maana ndilo kamanda alilokuwa nalo mkononi.

Awamu ya pili ndiyo ya kuilazimisha ramani ikae. Pointi 12 hadi 20 zinatosha, zikisambazwa mpaka pembeni. Zilizo bora ni zile zisizohama: makutano ya mito mikubwa yenye kingo za mawe, vilele, rasi, boma la mawe, kituo cha reli. Reli ya Usambara ya kilomita 352 kutoka Tanga hadi Moshi ni zawadi, kwa sababu tuta lake kwa sehemu kubwa liko palepale, na Muheza, Korogwe, Mombo, Same na Kahe zinakupa mnyororo wa pointi. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, hufanya kazi hiyohiyo, mradi usiichanganye na tuta la reli mpya ya SGR. Usitumie mikunjo ya mito tambarare wala kijiji cha kawaida.

Acha pointi nne au tano nje ya hesabu, zikusaidie kukagua. Anza na badiliko (hesabu ya kuihamisha ramani mahali pake) la polinomia daraja la kwanza, ambalo huhitaji pointi 3 tu lakini hukuonyesha makosa kwa uaminifu. Daraja la pili huhitaji 6. Wengi hukimbilia badiliko la utando linaloivuta ramani kama mpira mpaka kila pointi ikae sawasawa, kisha wanafurahi kuona kosa ni sifuri. Sifuri hiyo haina maana, kwani umeibana ramani kwenye pointi na kuificha inakokosea katikati. Kwa 1:300,000, kosa la mita 300 hadi 600 kwenye pointi za ukaguzi ni zuri sana. Ukipata kilomita 4 bara, na zote zimeelekea mashariki, hujakosea wewe. Umekutana na ile saa ya mpagazi.

Ukilinganisha na ramani za 1:50,000 za serikali, yaani mfululizo wa Y742 kwa Tanzania na Y731 kwa Kenya, kumbuka hizo zimejengwa juu ya mfumo wa kuhesabia mahali uitwao Arc 1960, ambao hutofautiana na ule wa simu yako kwa takriban mita 300. Iambie programu mfumo wa kila karatasi, vinginevyo utatafuta handaki kwenye shamba la jirani.

Ramani ya leo nayo hudanganya

Bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 kwenye mto Pangani, limefunika ardhi ambayo jeshi la Smuts liliifuata likielekea kusini Mei 1916. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na sehemu ya nchi iliyopiganiwa mwanzoni mwa 1917 sasa iko chini yake. Reli inayounganisha Voi na Kahe haikuwapo vita vilipoanza. Waingereza waliijenga wakati wa vita kwa ajili ya vita. Mtu anayeweka safu za 1914 juu ya picha ya setilaiti bila kuiondoa reli hiyo atashangaa kwa nini Waingereza walisitasita jangwani kati ya Voi na Taveta. Jibu ni kwamba hapakuwa na reli wala maji.

Kusoma umbali kama muda

Chukua Tanga. Meli zilizobeba wanajeshi kiasi cha 8,000 wa Meja Jenerali Aitken zilionekana asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914. Kepteni Caulfeild wa meli ya kivita Fox aliingia kwanza kuwajulisha wenye mji kwamba makubaliano ya kutopigana hayapo tena. Kisha askari wakashushwa Ras Kasone, kiasi cha kilomita 3 mashariki ya mji, na shambulio kuu likafanyika tarehe 4.

Kwenye ramani, Moshi iko mbali sana na Tanga. Lakini Moshi hadi Tanga kuna reli ya kilomita 352, na garimoshi la mwendo wa kilomita 20 au 25 kwa saa huzimaliza kwa saa 14 hadi 18. Chora ramani ya Tanga upya kwa saa badala ya kilomita: askari wa Lettow-Vorbeck walio chini ya Kilimanjaro wako karibu kuliko askari wa Aitken walio melini, wanaosubiri mashua na kisha kutembea ndani ya mashamba ya mpira na mkonge wasiyoyajua. Lettow-Vorbeck mwenyewe alifika usiku wa kuamkia tarehe 4. Alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, na handaki lake lilikuwa limeshachimbwa na wahandisi wa amani: mkato wa reli upande wa mashariki wa mji. Kwenye ramani ndogo mkato huo ni mstari mweusi wa kawaida. Kwenye ramani ya mji yenye skeli kubwa unaonekana kama bonde lenye kingo mbili, na hapo ndipo vita vinapoeleweka. Kanuni inayotokana na Tanga ni ya skeli: kampeni isome kwenye 1:300,000, pigano lisome kwenye 1:25,000 au kubwa zaidi, na usijaribu kufanya moja kwa karatasi ya nyingine.

Kosa la kinyume chake lilitokea Machi 1916. Smuts alitaka kuwanasa Wajerumani chini ya Kilimanjaro kwa mkasi, yeye akipitia Taveta, na divisheni ya Stewart ikizunguka mlima kwa upande wa magharibi kutoka Longido. Kwenye karatasi mkono wa Stewart unapendeza. Lakini angalia nyuzi za shanga: upande huo ni chache, na kati yake ni pori lisilo na njia ya magari ya mizigo. Alipofika upande wa Moshi, tarehe 14 Machi, Wajerumani walikuwa wameshateremkia Kahe.

Mpagazi ndiye kipimo

Sehemu hii ndiyo inayoachwa na wengi, na bila hiyo ramani za 1916 na 1917 ni mapambo tu.

Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za unga, anakula kilo 1 kwa siku, na anatembea kilomita 20 kwa siku. Chakula chake cha kwenda na kurudi kinatoka kwenye mzigo uleule, kwa kuwa nchi imeshaliwa na majeshi mawili. Akienda kilomita 100, yaani siku 5, anafikisha kilo 15. Akienda kilomita 200 anafikisha kilo 5. Kwenye kilomita 250 hana cha kufikisha, mzigo wote ni chakula chake cha kwenda na kurudi.

Sasa lisha kombania ya watu 200 kwa kilo 200 kwa siku. Ikiwa kilomita 100 kutoka mwisho wa reli, wanatakiwa wapagazi 14 wafike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni siku 10, uwe na 140 njiani. Ikiwa kilomita 200, wanatakiwa 40 kila siku kwa mzunguko wa siku 20: wapagazi 800 kulisha watu 200. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka karibu mara sita. Na hapo hujahesabu risasi, dawa wala wanaougua. Wapagazi waliochukuliwa vitani walikuwa mamia ya maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina la kikosi chao, Carrier Corps.

Ndani ya QGIS, chora mistari ya kilomita 100, 200 na 250 kutoka kila mwisho wa reli, ukifuata njia na si ndege anavyoruka, kisha weka tarehe za kila kikosi juu yake. Kondoa itajieleza yenyewe. Van Deventer, mmoja wa makamanda wa Smuts, aliondoka Arusha mwanzoni mwa Aprili 1916, akatwaa Lolkisale, na kuingia Kondoa tarehe 19. Arusha hadi Kondoa ni takriban kilomita 250, na kutoka kituo cha reli cha Moshi ongeza 80. Yuko nje ya mstari wa mwisho kabisa. Dodoma, iliyo umbali wa kilomita 155 tu mbele yake, aliifikia tarehe 29 Julai, siku 101 baadaye. Hakuwa mvivu. Masika ilikuwa imegeuza mbuga za udongo mweusi kuwa uji, magari yalizama, na farasi waliouawa na mbung'o walikuwa wametapakaa njia nzima.

Masika na mbung'o havimo kwenye karatasi. Ramani za njia zilipimwa zaidi wakati wa kiangazi, kwa kuwa misafara haikupenda matope, hivyo mto uliochorwa kwa mstari mmoja mwembamba wenye neno Furt unaweza kuwa ziwa mwezi Aprili. Ongeza tabaka mbili za kisasa: ramani ya udongo na picha za setilaiti za miezi ya mafuriko. Kwa bonde la Rufiji mwaka 1917 huwezi kuelewa kusimama kwa majeshi bila kuona maji yanafika wapi.

Delta ya Rufiji, na ramani za bahari

Manowari Königsberg, baada ya kuizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika maji ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha ndani ya delta ya Rufiji. Chati za Kiingereza hazikuonyesha kwamba meli inayozama zaidi ya mita 5 majini ingeweza kuingia mle. Wajerumani walijua, kwa sababu meli yao ya upimaji, Möwe, ilikuwa imepima mikondo ile si muda mrefu kabla ya vita. Chati moja mpya ikaipa manowari kimbilio kwa zaidi ya miezi tisa. Waingereza walilazimika kuleta meli za mizinga Severn na Mersey, zinazozama chini ya mita 2 tu, zikaingia kwa mkono wa Kikunja na kuimaliza Königsberg tarehe 11 Julai 1915, ndege zikielekeza makombora.

Anayesoma chati hizo azingatie kipimo cha kina. Fathamu moja ni mita 1.83, na kina huhesabiwa kutoka kiwango cha maji kupwa, kwa hiyo maji yakijaa una mita kadhaa za ziada. Na usijaribu kuipachika chati ya delta juu ya picha ya leo kwa kutumia kingo za mikoko, maana mikondo imehama. Tumia visiwa vya matumbawe na rasi za nje, kama za upande wa Mafia.

Kuona alichoona askari

Data za kimo za SRTM, zilizokusanywa kutoka angani mwaka 2000 na kupatikana bure kwa pikseli za mita 30, zinakuwezesha kuuliza kutoka kilele fulani mtu aliona nini. Ijaribu kwenye kilima cha Salaita, karibu na Taveta, ambako brigedi ya Afrika Kusini ilishindwa tarehe 12 Februari 1916. Mizinga ilipiga kilele, kwa kuwa kila anayetazama ramani hudhani mlinzi hukaa juu. Mahandaki yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, ndani ya vichaka. Kompyuta itakuambia kwamba kutoka chini mlinzi aliona nyanda mita elfu kadhaa, jambo ambalo si kweli: SRTM haijui vichaka vya 1916, na nyingine za namba zake zimepima vilele vya miti ya 2000. Punguza majibu yake kwa kusoma shajara za vikosi zinasema risasi zilianza umbali gani.

Ukitumia shajara na masimulizi kwa pamoja, chunga saa. Ofisa huandika saa za Kizungu, mzee aliyesimuliwa na babu yake askari husema saa za Kiswahili. "Saa mbili" ya mzee ni saa 8 ya shajara, na pengo la saa sita linaweza kubuni shambulio la pili ambalo halikuwahi kutokea.

Mishale ya baadaye

Ramani nyingi zinazosambaa mtandaoni si za vita bali za vitabu vilivyoandikwa baada ya vita, zenye mishale minene mekundu na ya buluu. Mshale ni maoni ya mwandishi. Hufanya kikosi kilichonyooka katika mstari wa wapagazi wenye urefu wa kilomita 8 kionekane kama ngumi. Chukua tarehe na majina kutoka kwenye mshale, kisha uutupe, uchore upya njia juu ya uzi wa shanga wa ramani ya 1:300,000. Njia ikikataa kupita, mshale umekosea, au umegundua njia ambayo Berlin haikuijua.

Tena mishale mizuri huisha mapema. Historia rasmi ya Waingereza ilitoa juzuu moja tu, mwaka 1941, inayoishia Septemba 1916; ya pili haikuchapishwa. Kwa Rufiji, Lindi, Msumbiji na hadi mto Chambeshi, katika Zambia ya leo, utategemea shajara za vikosi zilizomo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, kundi la WO 95, ambazo mara nyingi zina michoro ya penseli iliyokunjwa ndani. Karatasi za idara ya vita ya Uingereza kuhusu Afrika Mashariki zimeskaniwa na Maktaba ya Uingereza na zinapakuliwa bure. Majalada ya utawala wa Kijerumani yako Dar es Salaam, katika Nyaraka za Taifa.

Michoro hiyo ya penseli haina latitudo. Ipachike kwa makutano ya mito: Ngomano, ambako Lettow-Vorbeck aliwashambulia Wareno tarehe 25 Novemba 1917 na kujipatia bunduki na vyakula, ni pale Lugenda inapoingia Ruvuma, na makutano hayo hayajahama. Ugumu zaidi uko kwenye pigano kubwa la mwezi mmoja kabla, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, katika bonde la Lukuledi nyuma ya Lindi, ambako Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya waliouawa na kujeruhiwa. Wajerumani waliliita Mahiwa, Waingereza wengi wakaliita Nyangao, kila upande ukitaja pale uliposimama wenyewe. Umbali kati ya majina hayo mawili ni mdogo kwenye 1:300,000, lakini katika kutafuta nyaraka ni mkubwa: anayeandika Mahiwa peke yake hukosa shajara za upande mmoja, basi tafuta kwa majina yote mawili, kisha kwa Lukuledi, na uweke kila taarifa kwenye alama yake kabla ya kuziunganisha.